Kwenda Kiwira Bila Msiba

“Msiba uko wapi?”

Aliyeuliza ni mama mtu mzima aliyepakata kapu la usipa mkavu ndani ya Kosta, stendi ya Kyela, gari likiwa bado linasubiri abiria. Mbele yake walikaa mke na mume waliovaa kama watu wanaongojwa mahali: mke kitenge kipya, mume shati lililopigwa pasi hadi kola ikasimama. Hawakuwa na mzigo wala mgonjwa. Tena walikuwa wamekaa kiti kimoja, jambo ambalo kwa hesabu za Kyela lina maelezo matatu tu: msiba, harusi au kikao cha posa.

“Hakuna msiba, mama,” mume alijibu. “Tunakwenda Kiwira, kuona Daraja la Mungu.”

Mama akangoja aambiwe linalofuata. Halikufuata. Akawatakia safari njema kwa sauti ya mtu anayejua kwamba anafichwa jambo.

Mume ni mkulima wa mpunga na kakao upande wa Ipyana, mke ni mwalimu wa shule ya msingi. Wameoana zaidi ya miaka ishirini, wamezaa, wamesomesha, wamezika wazazi. Wamekwisha kusafiri pamoja hadi Dar es Salaam, hadi Songea, hadi Karonga ng’ambo ya Mto Songwe, na kila mara mwisho wa safari kulikuwa na jeneza au bibi harusi. Safari ya kwenda kutazama tu ndiyo hawakuwahi kuifanya. Mimi, mgeni wao kutoka Tanga, nilichukuliwa niwe shahidi, na nadhani pia niwe kisingizio: muulizaji akizidi, wangesema wanamtembeza mgeni.

Kwetu Tanga mtu haulizwi kwa nini anakwenda Raskazone jioni, wala kwa nini amewapeleka watoto Mapango ya Amboni siku ya Idi. Anakwenda kwa sababu pako. Kyela, mahali penye ufukwe ambao miji mingi ingeupigania, watu wanalijua Ziwa Nyasa kama njia, kama shamba la samaki na kama jirani asiyeaminika. Vijana wameanza kwenda ufukwe wa Matema na spika za muziki, lakini mtu mzima aliyekaa mchangani bila wavu wala mtumbwi bado hutazamwa mara mbili.

Ndiyo maana mume alijiwekea sababu ya akiba. Shamba lake la mpunga liko jirani na Mto Kiwira, na masika yanapochachamaa mwezi wa nne, mto huo huacha njia yake ukaingia mashambani, miaka mingine hadi majumbani. Alisema anataka kuuona huko unakotoka, kabla haujapata kiburi. Mke hakutafuta sababu. Kwa miaka mingi amewafundisha watoto habari za Daraja la Mungu, mwamba uliolala juu ya mto huo, kwa picha ya kitabuni.

“Shemeji,” aliniambia, “nimechoka kufundisha picha.”

Bonde la Kyela liko karibu meta 500 juu ya usawa wa bahari, na ni tambarare kiasi kwamba baiskeli hubeba kila kitu: gunia la mchele, mikungu ya ndizi, abiria wa kulipia, na mara kwa mara kitanda. Wanawake huziendesha kwa wingi kuliko nilivyozoea kuona pwani, mgongo umenyooka, kanga haiguswi na mnyororo. Kisha barabara ya Tukuyu inaanza kupanda, na baiskeli zinapungua hadi zinakwisha. Mikakao iliyojificha chini ya migomba inabaki nyuma, halafu mpunga, halafu joto. Ukifika Tukuyu umepanda meta elfu moja hivi, vilima vimevaa chai, na mume aliyetoka nyumbani akitokwa jasho anauliza kwa nini hakuambiwa abebe sweta. Aliambiwa. Mke alikuwa nayo kwenye mkoba wake, ameikunja vizuri, na aliitoa bila kusema neno.

Kakao ndiyo iliyolipa nauli. Mwaka 2024 bei ya zao hilo katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza, mavuno ya Ivory Coast na Ghana yalipoyumba, na mwangwi wake ukafika hadi kwenye minada ya stakabadhi ghalani ya Kyela, wilaya inayoongoza kwa kakao Tanzania. Mume hakutaja alichopata, na mimi sikuuliza. Alisema tu kwamba alilipa ada, akanunua bati, na fedha zikabaki. Hizo zilizobaki ndizo zilizozua mazungumzo ya kwenda mahali. Tangu filamu ya Royal Tour izinduliwe mwaka 2022 tumezoea kusikia kwamba utalii unahitaji kutangazwa. Kwa wageni, sawa. Utalii wa ndani unahitaji kwanza mkulima aliyebakiwa na chenji.

Tukuyu tulishuka kula. Muuza parachichi aliweka ndoo yake chini, akachagua moja kwa kulibonyeza karibu na kikonyo, akalizungushia kisu, akaligeuza kwa viganja viwili likaachana na kokwa, akanyunyiza chumvi na kutuwekea juu ya kipande cha jani la mgomba. Pembeni, mwenzake alikuwa akipindua ndizi za kuchoma kwa vidole, kwa kasi inayoonyesha kwamba vidole hivyo vimeacha kusikia moto zamani. Mke alikula ameketi kwenye benchi. Mume alikula amesimama, anaangalia barabara, kana kwamba kuna atakayemwona. Na kweli alionwa: mtu wa Kyela aliyekuwa akipita na lori la viazi akapiga honi na kuuliza kwa mkono, kuna nini? Mume akajibu kwa mkono vilevile, hakuna kitu. Sidhani kama aliaminiwa.

Nchi hii yote imepikwa na moto. Hapa ndipo matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana, lile linaloshuka Ziwa Nyasa, la Rukwa, na la Usangu, na penye makutano hayo ikasimama milima ya volkano. Mlima Rungwe, wenye meta kama 2,960, ndio mkubwa wao. Mdogo wake Kiejo ulimwaga lava yake ya mwisho karibu mwaka 1800, maana yake wapo wazee wa Busokelo ambao bibi wa bibi zao wangeweza kusimuliwa habari hiyo na walioiona. Udongo mweusi unaootesha chai, ndizi na viazi ni majivu ya moto huo, na mvua inayozidi milimeta 2,000 kwa mwaka haiupi nafasi ya kupumzika. Mito ya huku haina kazi ya kutafuta maji. Kazi yake ni kutafuta njia ndani ya jiwe.

Daraja la Mungu si kubwa. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu wapo wanaokwenda na picha ya Grand Canyon ya Marekani kichwani, ambalo urefu wake ni kilometa 446, halafu wakarudi wamenuna. Hapa ni korongo jembamba lenye kijani kila upande, mto unanguruma chini, na kutoka ukingo mmoja hadi mwingine umelala mwamba mmoja mnene, mgongoni umeota majani, tumboni una kuvu na matone. Mtu anaweza kuvuka juu yake bila kugundua kwamba anavuka. Lazima usogee pembeni, uinamishe shingo, ndipo uone kwamba ardhi uliyokanyaga ina maji chini yake. Ulijengwa kwa moto kwanza, kisha kwa maji: lava ilishuka bondeni ikapoa ikawa jiwe, na Mto Kiwira, badala ya kuzunguka, ukapenya chini na kuendelea kula palipolegea.

Mke alitazama kwa muda mrefu. Baadaye akafungua mkoba, akatoa daftari na kalamu ya risasi, akaanza kuchora: kingo mbili, mwamba, mshale wa maji. Akasita.

“Baba, nenda kasimame pale juu.”

“Kufanya nini?”

“Watoto wajue ukubwa.”

Mume akaenda kusimama. Mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mwenye ekari zake na heshima yake kijijini, akawa rula. Kila alipotaka kushuka aliambiwa bado. Aliporudi hatimaye, alichungulia daftari akalalamika kwamba amechorwa bila shingo.

Kuna kijana mwenye simu nzuri ambaye huwapiga picha wageni na kuwatumia hapohapo. Aliwapanga hao wawili mbele ya korongo, akarudi nyuma, akasita. Mume alikuwa amesimama kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, mikono imenyooka, na kati yake na mkewe pangeweza kupita mbuzi.

“Mzee, msogelee mama. Mshike kiuno.”

“Kiuno?”

“Basi bega.”

Mashauriano yalichukua muda. Kijana akisisitiza kwa adabu, mke akicheka ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge, mume akitazama huku na huku kuhakikisha kwamba Kyela haijamfuata. Mwishowe akaweka mkono begani mwa mkewe, vidole vimeinuka kidogo, kama anayegusa sufuria kujua kama imepoa. Picha ikatoka. Mke ndiye aliyeomba itumwe pia kwa watoto wao, na kabla hatujaondoka pale simu yake ilikuwa imeshaanza kulia.

Mwendo mfupi kutoka hapo, katika eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, mto huohuo unafanya jambo jingine. Lazima upite getini, na mume, kama Watanzania wengi wa rika lake, alijinyoosha na kufunga kifungo cha juu mara tu alipoona sare. Ndani kuna Kijungu. Mto mzima, ule ambao huko chini unaweza kufunika mashamba, hapa umebanwa na miamba hadi ukatumbukia kwenye shimo la mviringo na kuzunguka humo kwa hasira kabla ya kujichomoa upande wa pili. Sauti yake inazuia mazungumzo. Mnabaki kuoneshana kwa vidole.

Pembezoni, juu ya usawa wa maji ya kiangazi, miamba ina vishimo vidogo vya namna hiyohiyo, vingine vya kutosha kikombe, vingine vya kutosha ndoo. Mume alipiga goti, akaingiza mkono katika kimoja kilichokauka, akatoa kokoto nyeusi za mviringo, laini, zinazong’aa. Hizo ndizo zilizochimba. Maji ya mafuriko huleta jiwe, hulizungusha mahali palipobonyea, jiwe likasaga mwamba huku lenyewe likisagika, hadi likaisha na kuletwa jingine. Hakuna patasi wala nyundo, ni mzunguko tu, kwa maelfu ya miaka. Alitaka kuzitia mfukoni.

“Ziache,” mke alisema kwa sauti ya darasani. “Zina kazi.”

Akazirudisha, moja baada ya nyingine.

Hapa niseme neno la tahadhari, maana wapo vijana wanaoruka kutoka jiwe hadi jiwe ili picha ipendeze. Miamba ya korongo lenye ukungu huteleza hata inapoonekana kavu, na mto wa namna hii hauleti habari kabla ya kuja. Septemba 2019, katika korongo la Hell’s Gate karibu na Naivasha nchini Kenya, watu saba waliokuwa katika matembezi walichukuliwa na maji ya ghafla. Mvua ikinyesha milimani, aliye korongoni huenda asione hata wingu. Mwenyeji aliyetuongoza alikataa kabisa tushuke hadi kingo za mwisho, na mke alipomwuliza kama wageni wengine hukubali, alisema, “Wanaume ndio hubisha.” Mume alijifanya hakusikia. Kelele za maji zilimsaidia.

Tulipokuwa tukirudi barabarani tulikutana na mzee mwenye fimbo na mabuti ya mpira, anatoka kukata majani ya ng’ombe. Mke alitoka njiani, akakunja magoti, akaamkia kwa Kinyakyusa: “Mugonile, tata.” Mzee akaitikia kwa upole, akauliza ukoo, akauliza wanatoka wapi, na hakuuliza wanakwenda wapi. Alipopita mke alisema kwamba bibi yake asingesimama hata hapo pembeni. Kama mwanamume huyo angekuwa baba mkwe, bibi angekuwa ameshaingia kichakani.

Hakutia chumvi. Kwa Wanyakyusa, wenyeji wa huku, mkwe wa kike alipaswa kumkwepa baba wa mumewe maisha yake yote, asimtazame, asikutane naye njiani, asiingie anamokaa. Godfrey na Monica Wilson, mke na mume wanaanthropolojia waliofanya utafiti huku kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika mengi juu ya mwiko huo, na juu ya vijiji vya rika ambamo vijana wa kiume walijijengea vibanda vyao mbali na wazazi. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica ndiye aliyevichapisha vitabu, Good Company mwaka 1951 na vingine baadaye. Katika dunia hiyo mwanamume alikula, akazungumza na kutembea na wenzake wa rika, mke akiwa na wanawake wenzake. Kumbe shati la pasi na kitenge kipya kwenye kiti kimoja cha Kosta ni habari ngeni kuliko nilivyodhani mimi wa pwani.

“Na wewe na baba mkwe wako?” nilimwuliza.

Mume akacheka kabla mke hajajibu. Marehemu baba yake, miaka ya mwisho, alikuwa akimpigia simu mkwe wake, siyo mwanawe, kumwomba vocha. Simu ilivunja mwiko ambao mahubiri ya wamisionari, waliokuwapo Rungwe tangu 1891, yalikuwa bado hayajaumaliza. Huwezi kumkwepa mtu njiani ilhali sauti yake iko sikioni mwako.

Kurudi ni kushuka, na kushuka huku Mto Kiwira ukishuka nao upande wa magharibi, ukipita nchi ya makaa ya mawe ambako mgodi uliojengwa kwa msaada wa China ulianza kazi mwaka 1988. Sweta ikavuliwa karibu na pale mikakao inapoanza tena. Ilitarajiwa waende moja kwa moja nyumbani, kwani kulikuwa na ng’ombe wa kukamua, lakini mume akasema twende kwanza Itungi. Safari hii hakutoa sababu.

Itungi ndiko meli za Ziwa Nyasa zilikokuwa zikianzia, na huko ndiko ilikoundwa MV Mbeya II, meli ya abiria iliyozinduliwa mwaka 2021. Adui wa bandari hii ni mchanga. Mto huuleta bila likizo, unajaza mlango, na kwa muda mrefu meli zimelazimika kutumia gati lililo jirani, nalo likiitwa Kiwira. Milima ya Livingstone ilisimama ng’ambo ya maji kama kawaida yake, imara na ya buluu, na watoto walikuwa wakioga bila kujali historia ya bandari.

Mume aliinama akachota mchanga mweusi, akaufikicha.

“Huu nimeuona leo ukiwa jiwe.”

“Na shamba lako pia,” mke akasema.

Alichelewa kujibu. Bonde lote la Kyela, lenye mchele unaonukia hadi jirani akajua mnapika nini, limetandazwa na mito hii: Songwe, Kiwira, Mbaka, Lufilyo. Gharika anayoilaani kila Aprili ndiyo iliyoleta udongo anaoulima. Alisema hilo analijua. Kisha akaongeza kwamba kulijua hakurudishi mpunga wake wa mwaka jana, na hapo alikuwa na haki.

Tulikula mbasa wa kukaanga na wali, kwa mikono, kwenye banda la mama lishe aliyetandika nailoni mezani. Mbasa naye huupanda mto msimu wa kuzaa, akienda kinyume na mchanga, na ndiyo maana wavuvi wanaotega midomoni mwa mito wanagombwa na wenzao wa ziwani. Mama lishe alimtambua mwalimu aliyemfundisha mwanawe. Akauliza, naam, kama wametoka msibani. Mwalimu alimwonyesha picha ya simu. Mama lishe akaitazama, akaikuza kwa vidole, akauliza nauli ni shilingi ngapi.

Atakayetaka kwenda achague miezi ya Juni hadi Oktoba, mawe yanapokuwa yamekauka. Avae viatu vyenye soli ya kushika, abebe sweta hata kama Kyela kuna jua kali, na amsikilize mwenyeji anapomwambia asishuke. Korongo ni dogo na linatosha kwa asubuhi moja. Kosta za kwenda Mbeya zinapita Tukuyu na Kiwira kutwa nzima, na mtu wa Kyela anayeondoka mapema anarudi kabla ya kukamua ng’ombe.